Mchele wa Nyambizi

Kuna watu wana dhambi ya kuua, wengine ya kuiba. Mimi nilimroweka baba wa mgeni wangu kwenye bakuli la vitumbua. Nasema mapema ili asije mtu akadai nimeficha, maana ndugu zangu wanaipenda sana khabari hii, kila mmoja anaisimulia anavyotaka yeye, na wengine wananicheka mbele ya macho yangu. Basi nisikilizeni mimi niliyekuwepo.

Nnakaa Darsait, hapa Maskati, ghorofa ya pili, juu ya duka la fundi viyoyozi, mimi na Bimkubwa wangu, mama yangu mzazi. Bimkubwa amepita themanini. Macho yake yamekwisha, lakini ulimi mzima, na masikio yake husikia anachotaka kusikia. Tulitoka Unguja mimi nikiwa wa kubebwa, na mpaka leo ndani ya nyumba yetu ni Kiswahili, ukivuka mlango ni Kiarabu. Kazi yangu iko Al Khoudh, chuo kikuu, ofisi ya ratiba za masomo. Kila asubuhi naenda huko na hasira zangu za foleni, na kila jioni narudi nazo.

Huko chuoni ndiko nilikopata shoga, mwanamke mwenzangu wa Kijapani, mwalimu wa mambo ya maji. Kiarabu chake alikisoma vitabuni, basi anasema kama msoma khabari wa televisheni. Akikuomba chumvi unahisi serikali imetoa tangazo. Nilimpenda kwa hilo, na pia kwa sababu alikuwa mtu pekee katika jengo lile anayerudisha bakuli la watu likiwa limeoshwa. Hana mume, hana mtoto, na mama yake mzazi alikuwa amekuja kutoka Japani kukaa naye miezi ya baridi.

Siku moja akaja ofisini kwangu uso umemshuka. Alitakiwa kuwapeleka wanafunzi Salala wiki nzima kuangalia chemchemi, na mama yake hawezi safari ndefu ya gari.

"Mlete kwangu," nikamwambia. "Bimkubwa atapata mwenziwe."

"Hajui Kiarabu. Hajui Kiingereza."

"Na Bimkubwa hasikii. Wataelewana vizuri."

Akacheka. "Kuna jambo moja. Baba yake alikufa vitani, kwenye nyambizi. Mama amebeba kumbukumbu yake, huenda nayo kila anakokwenda. Ukiiona usishangae."

"Nishangae nini? Sisi pia tuna watu wetu waliokufa," nikamjibu. Huyo ndiye mimi. Mtu hajamaliza kusema, nshamjibu.

Bibi akaletwa Jumapili. Kimama kidogo, nywele nyeupe zimekatwa vizuri, amevaa kizibao cha sufu na sisi tumefungua kiyoyozi. Alimwinamia Bimkubwa mpaka kiunoni, na Bimkubwa, ambaye hakuona kitu, akanyoosha mkono hewani akisubiri kupewa mkono. Wakakaa hivyo mmoja kainama na mmoja kanyoosha mkono, mpaka mimi nikawakutanisha. Kisha bibi akatoa zawadi zake: chai, biskuti za mchele, kitambaa cha kufutia mikono, kila kimoja kimefungwa kwa kitambaa kingine kizuri kuliko zawadi yenyewe. Chumbani kwake akaweka picha kando ya kitanda. Kijana mwembamba, kavaa sare ya askari, masikio yamemtoka. Nikasema moyoni, hiyo ndiyo kumbukumbu yenyewe, khalas. Nikafunga mlango wa jambo hilo.

Nikitoka kazini nawakuta wawili hao wamekaa sebuleni wakizungumza, kila mtu lugha yake. Bimkubwa anamweleza fitina za harusi ya mwaka sijui gani, bibi anatikisa kichwa, halafu bibi naye anaeleza yake na Bimkubwa anasema, "Ehee! Ikisha?" Na kila baada ya nusu saa Bimkubwa humuuliza, "Ushakula?" Ndivyo alivyo. Mtu akiingia, ushakula? Mtu akiamka, ushakula? Mtu akilia, ushakula? Kufika siku ya pili bibi kalijua neno hilo. Nikifungua mlango tu, kabla sijavua viatu, ananiuliza kwa sauti yake nyembamba, "Ushakula?" Bimkubwa akajisifu kwamba yeye sasa ni mwalimu wa chuo kikuu.

Jumanne jioni, mwalimu alipopiga simu ya picha kutoka Salala, Bimkubwa akasema, "Muulize mwenzangu huyu, baba yake huyo kwenye picha kafa vipi. Nimemsikia anazungumza naye asubuhi."

Basi bibi akasimulia, na binti yake kwenye simu akawa anatutafsiria kwa Kiarabu chake cha tangazo, na mimi nikamtafsiria Bimkubwa kwa sauti ya juu, ingawa Kiarabu anakijua na simu huisikia akitaka. Baba yake alikuwa fundi wa vifaru katika jeshi la nchi kavu, kijana wa milimani, hajui hata kuogelea. Vita vilipokuwa vinakaribia mwisho, askari wao wengi walikuwa wamekwama kwenye visiwa vya mbali. Meli za chakula zikipelekwa, zinazamishwa. Basi jeshi la nchi kavu likaona lijitengenezee nyambizi zake lenyewe, za kubeba mchele na dawa chini ya maji. Likazijengesha kwenye viwanda vya matangi ya mvuke, na likawatia ndani mafundi wa vifaru, kwa hoja kwamba injini ni injini.

"Jeshi la nchi kavu, chini ya bahari?" Bimkubwa akauliza. "Na wanamaji wao walikuwa wapi?"

"Wanasema walikuwa wakiwacheka," mwalimu akajibu.

Nyambizi ile haikuwa ya kupigana. Ilikuwa bohari la kuzama, basi. Mchana inakwenda chini, hewa nzito, jasho na mafuta, watu wanatapika kwa kuwa hawajapata kukaa baharini. Mahali pa kulala hapakuwepo, wakilala juu ya magunia ya mchele. Na mchele ule hawakuruhusiwa kuugusa, maana si wao wa kuula. Wao walikula cha kwao, kidogo. Safari ya kwanza walifika. Wakapakua gizani, gunia kwa gunia, mkono kwa mkono, na wakati wa kurudi wakapakia wagonjwa. Wakafika kwao salama. Wakapakia tena, wakaondoka, na safari hiyo ya pili hawakufika wala hawakurudi. Maisha yote ya nyambizi ile yalikuwa safari moja na nusu.

Bimkubwa akauliza jambo ambalo mimi nisingethubutu. "Na wenyeji wa visiwa hivyo? Wenye visiwa vyao, wao walikula?"

Mwalimu akatafsiri. Bibi alisikiliza akashusha kichwa. Akajibu kwa maneno machache.

"Anasema hajui," mwalimu akatuambia. "Anasema amejiuliza hilo maisha yake yote, na anaona haya."

"Haya yake si yake," Bimkubwa akasema. "Alikuwa mtoto. Ikisha?"

Ikisha, serikali ikampelekea mama yake kisanduku cha mbao kilichofungwa kwa kitambaa cheupe. Ndani, pale ambapo ingekuwa mifupa, pana kipande cha karatasi chenye jina la mumewe. Bibi alikuwa na miaka mitatu. Sasa yeye ndiye aliyebaki duniani anayemkumbuka mtu huyo, na hata yeye anamkumbuka kwa kusimuliwa. Akamtazama binti yake kwenye simu akasema kitu.

"Anauliza, akifa yeye, baba yake atabaki na nani," mwalimu akasema. "Kila mwaka ananiuliza. Mimi sijui la kumjibu."

Hapo nikasikia chungu cha mchuzi kinachemka jikoni. Na hapo, enyi wenzangu, ndipo nilipokosea. Bibi alikuwa bado anasema, kanyoosha kidole, kuna askari mmoja katika wale wagonjwa aliyekuja nyumbani kwao baada ya vita, kaleta kitu. Mimi nikainuka. Mchuzi unaungua, na hadithi ndefu sina subira nazo. Nilipotoka jikoni Bimkubwa alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya kanga, simu imeshakatwa. Sikuuliza. Nikaandaa meza.

Alhamisi alasiri nikawa natayarisha vitumbua vya Ijumaa. Kwetu Ijumaa bila vitumbua si Ijumaa. Nikafungua kabati nitoe debe la mchele, na kando yake nikaona kifuko cha kitambaa cha buluu, kimefungwa kwa uzi. Nikakifungua. Mchele. Kama konzi tatu hivi, punje fupi za mviringo, zimepiga umanjano kwa ukale. Na katikati ya mchele ule, pilipili moja kavu.

Sasa, pilipili kavu kwenye mchele ni mambo ya Bimkubwa. Tangu nimezaliwa naona anaitia kwenye debe, ili fukusi wasiingie. Nikacheka peke yangu. Nikasema, kumbe Wajapani nao! Nikajua bibi kaleta mchele wa kwao, kauweka mahali pake, pamoja na mchele wenziwe, na kwa haya zake hakusema. Na kwetu mgeni akileta kitu kibichi, kinapikwa yeye akiwepo, naye anakula katika hicho alicholeta. Usipokipika mpaka akaondoka, umemwambia zawadi yako hatukuitaka. Tena mchele wa zamani ndio wa vitumbua hasa. Nikaona hii ni heshima ya juu kabisa nnayoweza kumpa.

Ulikuwa kidogo, hautoshi. Nikauchanganya na vikombe vyangu viwili vya basmati, nikauosha maji matatu, nikauroweka kwenye bakuli kubwa la kijani. Kifuko nikakifua, nikakianika. Ndiyo, nilikifua pia. Nikiamua kufanya kosa silifanyi nusu.

Asubuhi ya Ijumaa nimetoa blenda, nimetoa iliki, nazi iko tayari, bibi akaingia jikoni. Nikamwamkia. Akaniuliza, "Ushakula?" Kisha akafungua kabati. Akatazama. Akainua debe, akatazama nyuma yake. Akageuka kunitazama mimi, na mimi nikiwa na furaha zangu nikamvuta mkono nikamwonyesha bakuli. Nikamwonyesha na kifuko kwenye kamba, kimekauka, safi. Nikaweka mkono kifuani kumwambia ahsante.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alitia mkono ndani ya maji mpaka kwenye kifundo, akauacha humo. Kisha akakaa chini, sakafuni kwangu, mkono mmoja umelowa.

"Bimkubwa!" nikaita. "Bimkubwa, njoo, mgeni kaanguka!"

Bimkubwa akaja akipapasa ukuta. "Kafanya nini?"

"Sijui! Nimemwonyesha mchele wake nilioroweka, basi kakaa chini!"

"Mchele gani?"

"Wa kwenye kifuko cha buluu, wenye punje fupi."

Sijapata kumwona mama yangu akishika kichwa namna ile, ila siku tulipoletewa khabari za kaka yake, mimi nshakuwa msichana mkubwa. "We mwana we!" akasema. "Umefanya nini wewe? Ule ndio baba yake!"

Hapo ndipo Bimkubwa aliponisimulia ile hadithi niliyoikimbia kwa ajili ya mchuzi. Usiku ule wa safari ya kwanza, walipokuwa wakipakua, gunia moja lilipasuka mikononi mwa askari mgonjwa wa kisiwani. Akajaza mfuko wa shati kwa mchele uliomwagika. Kisha naye akapakiwa na wagonjwa wengine, na njia nzima fundi wa vifaru mwenye masikio yaliyotoka akawa anamlisha uji kwa kijiko, kwa kuwa mikono yake mwenyewe ilikuwa haishiki tena. Alipofika kwao akaugundua mchele ule bado uko mfukoni. Akauweka. Vita vilipokwisha akamtafuta mjane wa yule fundi kijiji kwa kijiji, akampa mchele kwenye leso, akamwambia, "Huu aliubeba mumeo." Na mjane akafungua kile kisanduku chenye kipande cha karatasi, akautia mchele humo. Huo ndio mwili waliozika, na ndio walioufukua bibi alipohama kijiji, akautia kwenye kifuko, akaubeba maisha yake yote. Alikuwa ameuweka kabatini kwangu kwa sababu chumbani kiyoyozi kinadondosha maji, na alitafuta mahali pakavu.

Mimi nilikaa sakafuni pamoja naye nikalia. Nilimshika miguu, nikasema nisamehe, nisamehe, kwa Kiswahili, kwa Kiarabu, kwa lugha zote ninazozijua na hakuna hata moja aliyoijua yeye. Na hasira zangu, ambazo kila siku huwapata madereva wa barabara ya Al Khoudh, siku hiyo zilinirudia mimi mwenyewe.

Aliyezinduka kwanza ni Bimkubwa. "Lete sinia," akasema.

"Sinia la nini?"

"Ushausaga?"

"Bado."

"Basi lete sinia. Umesema punje zake fupi, na zetu ndefu. Hatujui kuchagua mchele sisi?"

Nikaleta sinia kubwa la bati, nikamwaga bakuli zima, nikachuja maji. Tukakaa mkekani, wanawake watatu, sinia katikati. Hii ni kazi niliyoanza kuifanya tangu sijajua kusoma: kutoa chuya, kutoa mawe, vidole vinakwenda vyenyewe. Lakini mchele mkavu unateleza, uliorowekwa unang'ang'ania. Punje zimevimba, zimekuwa laini, ukibana kidogo zinakatika. Nikawa naona fupi, naitia kwenye bakuli dogo jeupe. Bibi naye akaanza, polepole, kila punje anaiangalia kwanza.

Na Bimkubwa, ambaye haoni sahani iliyoko mbele yake, akawa anatupita sote. Anapapasa kwa ncha za vidole, ndefu anaisukuma kushoto, fupi anaichukua. Bibi aliacha kuchagua akamtazama. Mimi pia. Mikono ile ilikuwa inatetemeka siku zote, kikombe cha chai kinamwagika, lakini pale kwenye sinia ilikuwa imetulia.

Adhana ya Ijumaa ikaadhiniwa tuko pale pale. Magari yakajaa chini, wanaume wakaenda msikitini, wakarudi. Mara moja Bimkubwa akasema, bila kuinua kichwa, "Kaka yangu alitoka asubuhi, mwaka ule wa mapinduzi. Alisema anakwenda kununua mkate. Sisi hata konzi ya mchele hatukuletewa." Kila mwaka tunamsomea khitma huyo mjomba wangu, lakini sijapata kumsikia Bimkubwa akitaja mkate. Bibi hakuelewa neno, lakini aliweka mkono wake kwenye goti la Bimkubwa, akauacha hapo kidogo, kisha akarudi kwenye kuchagua.

Tulipomaliza, bakuli jeupe lilikuwa limejaa. Zaidi ya konzi tatu sasa, kwa kuwa umevimba. Nikaja mbio na wazo langu. Jua la Maskati lipo, nikasema, nitautandaza juu ya dari kwenye kanga safi, saa mbili umekauka, tunaurudisha kifukoni, pilipili ninayo. Nikapanda na konzi moja kujaribu. Niliposhuka nayo punje zilikuwa kavu kweli, lakini kila moja imepasuka katikati, na ukiigusa inakuwa unga. Nilisimama na kanga ile mlangoni, sijui nimpe nani.

Bibi akanyoosha kidole kwenye simu. Nikampigia mwalimu. Nikamweleza yote, sikujipunguzia. Akasema, kwa sauti ndogo, "Nipe mama." Wakazungumza. Bibi alikuwa ameshika bakuli mapajani, akisema huku akizungusha kidole juu ya mchele.

"Anamuuliza mama yako," mwalimu akatuambia. "Mchele ukisharowekwa, kwenu mnaufanya nini?"

Bimkubwa hakufikiri hata kidogo. "Unapikwa," akasema. "Ukilala utachacha. Unapikwa leo."

Mwalimu akatafsiri. Bibi akacheka, wallahi alicheka, huku machozi yanamtiririka. Akasema maneno mengi, na mwalimu akawa anayatoa kipande kipande, na lile tangazo la serikali lote limemtoka.

"Anasema baada ya vita na sisi tulikuwa na njaa. Alikuwa na miaka mitano. Alijua mchele uko ndani ya kisanduku, hakijazikwa bado. Alilia, akamwambia mama yake, naomba mchele wa baba. Mama yake akampiga kofi, mara ya kwanza na ya mwisho. Anasema tangu siku ile anaulinda mchele huu, na kila akiufungua anasikia njaa ile ile. Anasema baba yake aliubeba ili uliwe. Akalala juu yake na njaa ili wengine waule. Na wao wakauzika."

Bibi akainuka mwenyewe. Akachukua sufuria yangu ndogo, akatia mchele, na zile punje zilizopasuka kwenye kanga akazikung'uta zote humo, hakuacha hata unga. Akatia maji na chumvi chembe. Aliusimamia uji ule kama saa nzima, moto mdogo, bila kuondoka. Mimi nilisimama nyuma yake nikiwa sina kazi, na kwa mara ya kwanza jikoni mwangu sikumfundisha mtu.

Ulikuwa na harufu ya kabati la zamani. Alimimina vibakuli vitatu, akaweka ile picha mezani. Kijiko cha kwanza alikula yeye. Alikitia kinywani akafumba macho, na uso wake, yarabi, ukawa uso wa mtoto anayekula. Alikula taratibu mpaka akamaliza. Kisha akaona Bimkubwa hajagusa chake. Mikono ilikuwa imeanza tena kutetemeka, kwa kuchoka, kijiko kinagonga bakuli na uji unamwagika. Bibi akavuta kiti. Akamshika mama yangu kidevu, akamlisha, kijiko kwa kijiko, akimfuta mdomo, mpaka bakuli likaisha. Kwenye sufuria kulikuwa kumebaki ukoko mwembamba chini. Kwetu watu wanagombana kwa ukoko. Akaukwangua wote, akaujaza kwenye kijiko, akanigeukia mimi niliyemroweka baba yake, akaniletea mdomoni. Nikaufungua.

Mwalimu akarudi Jumamosi. Nilimsubiri mlangoni kama mshitakiwa. Yeye alikwenda moja kwa moja jikoni, akakiona kifuko cha buluu kitupu, kimekunjwa juu ya debe langu, akakishika akaanza kulia. Nikasema, sasa ndiyo inakuja hukumu. Akasema, "Unajua nilikuwa naogopa nini? Siku atakayokufa mama, niachiwe mfuko ule. Kuutupa nisingeweza. Kuubeba pia nisingeweza. Nilikuwa silali." Nikamkumbatia, na Bimkubwa kutoka sebuleni akauliza huyo anayelia ni nani, na je, ameshakula.

Bibi amerudi kwao Japani. Kifuko ameniachia mimi, kimo kabatini, na ndani yake kuna pilipili moja kavu. Hupiga simu kila Ijumaa, saa ambayo kwetu ndiyo ya vitumbua. Binti yake hahitaji kututafsiria. Uso wake mdogo unajaa kwenye kioo cha simu, na kabla ya salamu, kabla ya khabari za afya, anamuuliza Bimkubwa, kisha ananiuliza mimi, "Ushakula?"

"Nshakula, mama," namjibu. "Nimekula, nimeshiba."

Naye kila mara huitikia kwa kichwa, akageuka akaiambia ile picha ya baba yake.